Atemisia ya sokoni Kampala: jani zima, unga, chai ya vifuko na mche, ipi inajitambulisha?

Kwa mwenye haraka: nunua jani zima likiwa bado kwenye kijiti chake, au bora zaidi mche mbichi kwenye kopo. Unga uache palepale mezani, hata kama bei inavutia, mpaka muuzaji akuonyeshe majani aliyoyasaga. Sababu zetu nyingi unaweza kuzihakiki mwenyewe kwa lenzi ya mkono ya 10x, sahani nyeupe na kichupa cha tincha ya iodini kutoka duka la dawa.

Mmea wenyewe ni Artemisia annua, ambao Kampala wote wanauita atemisia tu. Ni dawa ya jadi ya Wachina, wao huuita qinghao, na dunia iliushika mkononi baada ya Tu Youyou na wenzake kutenga atemisinini, kemikali yake inayopambana na malaria, mwaka 1972, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Uganda umelimwa Kigezi, upande wa Kabale, na leo uko bustanini kwa watu na kwenye meza za dawa za miti shamba kuanzia soko la Owino hadi vibanda vya kando ya barabara. Kiswahili kina neno pakanga, lakini hilo ni la ukoo mzima wa mimea hii michungu yenye harufu, kwa hiyo ukilitaja sokoni unaweza kupewa ndugu yake badala ya yeye.

Na hapo ndipo penye kazi. Ukoo utauona kwenye jani. Jina kamili la mmea, mara nyingine, utalipata kwenye kemia peke yake. Bidhaa tunazozipitia hapa tumezipa daraja kwa swali moja: je, imebakiza nini cha kumwezesha mnunuzi kujua alichonunua?

Jani zima kwenye kijiti

Hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kati ya bidhaa kavu. Jani kavu la atemisia hujikunja na kuonekana kama uchafu wa kijani, kwa hiyo usilihukumu likiwa hivyo. Chagua majani matatu kutoka sehemu tatu za kijiti, la chini, la katikati na la juu. Yaloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, kisha yatandaze kwenye sahani nyeupe kwa ncha ya sindano, taratibu. Maji yanayochemka hayafai, kwani jani hulegea kupita kiasi na vipande vyake vya mwisho hushikamana, ukabaki na uzi badala ya jani.

Likishatandazwa, hesabu ngazi. Uti wa kati unatoa matawi, kila tawi linatoa vitawi, na kila kitawi kimechongwa meno membamba. Jani la chini ya shina lina urefu wa sentimita 3 hadi 5 na hufika ngazi tatu za kugawanyika. La katikati huweza kuishia mbili. La kileleni, karibu na maua, linaweza kuwa na ngazi moja tu, na ndilo linalowapotosha watu: wanaokota moja la juu, hawaoni ule mgawanyiko wa manyoya, wanarudisha mzigo mzuri. Ndiyo maana tumesema matatu.

Angalia pia jinsi majani yalivyoshika shina. Ya atemisia hupokezana, moja huku, moja kule, hayatazamani wawili wawili. Shina lenyewe ni moja, limesimama wima, lina mifereji ya urefu, na kwa macho matupu halina manyoya. Kama kifungu kina maua, nafuu kubwa: vichwa vya maua ni vya manjano, vidogo mno, milimita 2 hivi, vimeinamia chini kama vimechoka. Ukiona maua meupe, simama. Tutafika huko.

Sasa lenzi. Hapa chukua jani kavu ambalo halijaguswa na maji, ligeuzegeuze ili mwanga uingie kwa ubavu. Kwenye mifereji ya jani, pande zote mbili, utaona vitone vidogo vinavyong'aa, rangi ya dhahabu iliyopauka. Hizo ni tezi. Kila tezi imejengwa kwa seli kumi, safu mbili za seli tano tano, na juu yake kuna kifuko chini ya ngozi ya nje ambamo mmea huhifadhi mafuta ya harufu pamoja na atemisinini. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba kulichovya jani kwenye klorofomu kwa sekunde tano tu kunatosha kuitoa atemisinini, na kwamba aina ya atemisia isiyo na tezi haikuwa nayo hata chembe.

Kwa mnunuzi, habari hiyo ina uzito. Kile anacholipia kiko juu ya jani, mahali panaposuguliwa, panapokanyagwa, panaposagwa. Jani lililoshindiliwa guniani kwa miguu limepasuka tezi kabla halijafika mezani. Kwa hiyo ukikuta chini ya lenzi vitone vingi vizima, umekutana na mtu aliyekausha na kusafirisha kwa adabu. Ukikuta jani limekuwa kahawia, halina vitone, na ukilisugua linanukia nyasi za mwaka jana, mwambie tu, "Asante mama, leo naangalia," uendelee.

Harufu nayo ina namna yake ya kupimwa. Sugua majani mawili makavu kati ya vidole kwa hesabu ya tano, nusa mara moja, ondoa mkono, nusa tena. Atemisia nzuri ni tamu na kali kwa pamoja, ina kafuri ndani yake, na hubaki vidoleni. Usinuse vifungu vitano mfululizo. Kuanzia cha tatu pua imeshachoka na kila kitu kitanukia atemisia.

Kosa la kawaida la kifungu cha jani zima ni vijiti. Atemisinini iko kwenye majani na maua, na shina nene lina kidogo mno. Chukua kifungu cha gramu 100, chambua majani yote, pima vijiti peke yake. Vikiwa gramu 40, umelipa shilingi mbili katika kila tano kununua kuni. Kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti hakina tatizo, na kwa kweli tunakitaka, kwa sababu ndicho kinachoonyesha majani yameshikaje. Kijiti cha unene wa penseli kinaongeza uzito tu.

Wanaofanana nayo

Wa kwanza, na wa hatari zaidi, ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Ni gugu vamizi kutoka Amerika, limerekodiwa Uganda tangu mwaka 2008, na hupenda hasa pembezoni mwa barabara na ardhi iliyochimbwachimbwa, yaani mahali pale pale ambapo mtu asiye na shamba huenda kuchuma. Jani lake limekatwakatwa kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Tofauti ziko nne, na zote zinaonekana bila maabara. Vipande vya mwisho vya gugu karoti ni vipana zaidi na mgawanyiko huishia ngazi ya pili. Jani lina nywele laini fupi unazozihisi kwa kidole, kama kitambaa. Maua ni meupe, kichwa kina upana wa milimita 4 hivi, na kina pembe tano ndogo pembeni. Harufu ya kafuri haipo.

Gugu hili lina patenini, kemikali ya familia moja na atemisinini lakini yenye tabia nyingine kabisa. Huamsha mzio wa ngozi, muwasho na upele unaorudi kila mara mtu akigusa, na kwa wengine kifua kubana. Ndiyo maana hatushauri kamwe kutafuna jani usilolijua ili "kupima uchungu". Uchungu hautambulishi kitu: mululuza, kichaka cha dawa za kienyeji, ni chungu, gugu karoti ni chungu, atemisia nayo ni chungu. Mkono ukiwasha baada ya kushika kifungu, nawa kwa sabuni na maji mengi, na mzigo wote uhesabu kuwa umechanganyika.

Wa pili ni kawunyira, Tagetes minuta, anayejulikana shamba zima la Buganda kwa harufu yake. Huyu hana shida ukimtazama vizuri. Majani yake hutazamana wawili wawili, hasa sehemu ya chini ya shina, na kila jani lina vijani virefu vyenye ukingo wa msumeno, vimejipanga pande mbili za uti kama unyoya. Liinue jani dhidi ya jua: utaona matone ya mafuta ya rangi ya machungwa au kahawia ndani ya bapa, hasa kandokando ya ukingo. Tezi za atemisia ziko nje juu ya jani, za kawunyira zimezama ndani. Harufu yake pia ni nzito, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Wa tatu ndiye anayetutesa sote: Artemisia afra, pakanga wa milima ya Afrika. Ni ndugu halisi, ana heshima yake katika tiba za asili kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na muuzaji anayemuuza kama "atemisia" hasemi uongo kwa neno hilo. Lakini atemisinini ndani yake ni kidogo mno au haipo kabisa. Mmea mzima haukuchanganyi: afra ni kichaka cha miaka mingi, shina lake lina mti chini, na jani lake lina mvi, kijani cha majivu juu na weupe wa fedha chini kwa sababu ya nywele. Annua ni ya msimu mmoja na jani lake ni kijani kinachoelekea manjano. Geuza jani. Chini kukiwa kweupe kama limepakwa unga, una afra mkononi. Tatizo huanza pale jani linaposagwa.

Unga

Unga ndio unaouzwa kwa wingi, kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kopo la plastiki, au umefungwa kwenye karatasi, na ndio tunaoupa daraja la chini kabisa. Hatusemi wauzaji wa unga ni wadanganyifu. Tunachosema ni kwamba kusaga kunafuta karibu kila alama tuliyoieleza hapo juu, na mnunuzi anabaki na neno la muuzaji. Kwa mwenye unga tayari nyumbani, kuna vipimo vitatu vya kuanzia.

Mchanga kwanza. Kijiko kimoja cha chai cha unga ndani ya glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Jani huelea au kuzama polepole, mchanga hushuka mara moja na kukwaruza chini ya glasi ukiuzungusha. Chembe chache ni kawaida kwa jani lililokaushwa chini. Tabaka zima la mchanga ni la kurudishwa.

Pili, wanga. Unga wa muhogo au wa mahindi huongezwa ili uzito upande, na ukiwa kidogo hauonekani kwa jicho. Chemsha nusu kijiko cha chai cha unga kwenye mililita 100 za maji dakika tatu, chuja, kisha acha ipoe kabisa. Hapo kwenye kupoa ndipo wengi huharibu, kwani rangi ya bluu ya wanga na iodini hupotea kwenye moto, kwa hiyo kipimo kikifanywa na maji moto kitakuambia hakuna wanga hata kama nusu ya pakiti ni muhogo. Ikishapoa, dondosha tincha ya iodini tone moja moja. Matone ya mwanzo yatapotea rangi, usishangae, vitu vingine vya jani huimeza iodini kabla haijafika kwenye wanga. Endelea mpaka kahawia ya iodini ibaki. Ikibaki kahawia, hakuna wanga wa kuongelea. Ikigeuka bluu nzito au nyeusi, umenunua ugali. Weka pembeni kikombe kingine chenye chembe ya unga wa muhogo uliochemshwa, ili ujue bluu unayoitafuta inafananaje.

Tatu ni hadubini, na hapa mambo yananoga. Shule nyingi za sekondari zinayo, na ukuzaji wa 100x hadi 400x unatosha. Unga wa kijani haupitishi mwanga, kwa hiyo lazima uupaushe. Maabara hutumia klorali haidreti. Nyumbani, maji ya Jik hufanya kazi: loweka chembe za unga dakika 10 hadi 30 mpaka zipauke, mimina, suuza mara tatu, weka chembe kwenye tone la gliserini, funika kwa kioo. Usiache kwa saa nzima, kwani Jik hula vichwa vya tezi na utabaki na mashimo tu.

Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni tezi ikitazamwa kutoka juu: umbo la yai lenye mstari katikati, sawasawa na punje ya kahawa iliyokobolewa. Ule mstari ndio mpaka wa zile safu mbili za seli. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Cha pili ni nywele zenye umbo la herufi T, kikonyo kifupi na juu yake mkono mrefu uliolala kushoto na kulia, mara nyingi umejipinda. Kwenye unga mkono huo hukatika, kwa hiyo utaona nyuzi ndefu nyembamba zilizotapakaa na vikonyo vimebaki vyenyewe kwenye ngozi ya jani. Ukiona badala yake nywele za seli zilizopangwa mstari mmoja, pana chini na zilizochongoka juu kama pembe ya mbuzi, hiyo ni dalili ya gugu karoti.

Lakini sasa sikiliza: punje za kahawa na herufi T zipo pia kwenye Artemisia afra. Zimejaa zaidi, hasa zile T, ila kwenye unga uliochanganywa huwezi kuhesabu wingi na kutoa hukumu. Hadubini itakuambia kwa uhakika kwamba unga ni wa ukoo wa atemisia. Haitakuambia ni annua. Anayekuambia ametambua unga wa annua kwa hadubini peke yake amekwenda mbali kuliko ushahidi wake.

Kemia, pale jani linaponyamaza

Atemisinini ni fuwele jeupe, C15H22O5, na ndani yake kuna daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Daraja hilo ndilo linaloifanya idhuru kimelea cha malaria, na ndilo linaloipa kipimo chake cha rangi: atemisinini safi ikiyeyushwa kwenye ethanoli, ikaongezwa potasiamu iodidi, asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa na matone ya maji ya wanga, hutoa zambarau. Kipimo hiki kimeanza kuonekana kwenye vijisanduku vya "pima mwenyewe", na kwa jani zima tunakikataa. Kilitungwa kwa fuwele safi. Dondoo la jani lina klorofili inayofunika rangi, na lina vitu vingine vinavyoachilia iodini au kuimeza. Utapata ndiyo ya uongo na hapana ya uongo kwenye meza moja. Asidi ya sulfuriki nayo si kitu cha jikoni.

Kinachofanya kazi ni kromatografia ya tabaka jembamba, njia ya kutenganisha kemikali za dondoo ziwe madoa kwenye kibao, na mwenye maabara ndogo ya chuo anaiweza. Gramu 1 ya unga hutikiswa kwenye mililita 10 za heksani, si maji, kwa kuwa atemisinini huyeyuka vibaya mno kwenye maji. Dondoo huchujwa na kudondoshwa kwenye kibao cha silika, pembeni yake tone la atemisinini halisi ya kulinganishia na tone la dondoo la annua linalojulikana. Kibao husimamishwa kwenye kimiminika kinachokipanda, mchanganyiko wa saikloheksani, ethili asetati na asidi asetiki kwa kiasi cha 20:10:1. Kikishakauka, usitegemee taa ya urujuanimno kukuonyesha atemisinini. Haina sehemu inayonyonya mwanga huo vya kutosha, na hapa tumeona hata wanafunzi wazuri wakiandika "haipo". Ni lazima kibao kinyunyiziwe anisaldehidi yenye asidi ya sulfuriki na kupashwa moto nyuzi 100 hivi, ndipo doa la waridi linalokaribia zambarau linajitokeza kwenye kimo kimoja na la kulinganishia.

Doa moja halitoshi, kwani anayetaka kudanganya anaweza kunyunyizia nyasi yoyote atemisinini kidogo. Soma kibao chote. Annua ina flavonoidi zake, kama kastisini, na skopoletini inayong'aa bluu chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 366. Mpangilio mzima wa madoa ukilingana na wa jani la kulinganishia, hapo ndipo unaandika jina. Afra hujitenga hapa bila ubishi: doa la atemisinini halipo au ni kivuli tu.

Kwa asiye na maabara, Kampala ina bahati. Taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili, Natural Chemotherapeutics Research Institute, iko Wandegeya chini ya Wizara ya Afya, na Chuo Kikuu cha Makerere kina herbaria ambako mimea iliyokaushwa huhifadhiwa kwa kulinganishwa. Ukienda na unga mkononi, watakachoweza kukuambia ni kidogo. Nenda na tawi la sentimita 30 lenye majani ya chini, ya juu na maua, lililobanwa kati ya kurasa za gazeti chini ya vitabu vizito kwa wiki moja, gazeti likibadilishwa kila siku. Andika pembeni mahali lilipochumwa, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya maua, kwa sababu rangi hufifia.

Chai ya vifuko na vidonge vya unga

Hizi tunazipita haraka. Kifuko cha chai ni unga uliovaa karatasi: kikate, umwage, ufanye vipimo vya hapo juu. Kidonge cha ganda ni vivyo hivyo. Lebo inapaswa kuandika Artemisia annua kwa ukamilifu, sehemu ya mmea iliyotumika, tarehe ya kuvuna au namba ya toleo, na uhusiano wake na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Iliyoandikwa "Artemisia" peke yake haijakuambia kama ni annua au afra. Unga wenye chembe nyeupe zinazong'aa chini ya lenzi usitumiwe mpaka upimwe, maana dawa za asili kuongezwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa ni jambo linalojulikana.

Pakiti nyingi hubeba maelezo ya gramu 5 za majani kwa lita 1 ya maji yaliyochemka, na chini yake neno malaria. Hapa tunasema kwa uzito wote tulionao: jani likitambuliwa sawasawa, bado halijawa dozi. Kiasi cha atemisinini hutofautiana mno, kutoka sehemu ndogo ya asilimia moja hadi zaidi ya asilimia moja ya uzito mkavu, na maji huichukua kidogo. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono majani, chai au unga wa atemisia kwa kukinga wala kutibu malaria. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa vimelea kaskazini mwa Uganda vinavyochelewa kuondoka damuni licha ya dawa za atemisinini, na dozi pungufu ni chakula cha usugu. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe, akikutwa na malaria apewe dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, amalize dozi.

Mche kwenye kopo

Bei yake kwa mmea mmoja ni kubwa kuliko kaveera la unga, na tunaona inastahili kila shilingi. Jani liko hai, ngazi unazihesabu papo hapo, tezi ziko nzima, harufu haihitaji kusuguliwa sana. Ila uliza swali moja: "Kaka, huu umetoka kwenye mbegu au kwenye kipande cha tawi?"

Atemisia hutoa maua siku zinapopungua chini ya saa 13 na nusu hivi za mwanga. Uganda siku zote ni saa 12 au karibu na hapo, kwa hiyo mbegu ya kawaida ya nchi za baridi hupandwa hapa na kuchanua mapema, ikiwa fupi, majani machache, kisha hufa. Kwa ajili ya nchi za joto kulitengenezwa chotara zinazochelewa kuchanua na kupanda hadi mita 2 na zaidi. Mbegu ya chotara haizai mama yake. Miche ya mbegu iliyookotwa bustanini hutoka tofauti tofauti, mmoja una majani mengi na tezi za kutosha, wa pili yake umechanua ukiwa na kimo cha goti. Mche wa kipande cha tawi hubaki na sifa za mama, na mkulima mzuri atakuonyesha huyo mama.

Chagua mche ambao bado haujaweka vifundo vya maua. Vuna matawi maua yanapoanza kujitokeza, ndipo atemisinini inakuwa karibu na kilele chake. Kausha kivulini kwenye tabaka jembamba lisilozidi kiganja, geuza kila siku, mpaka jani livunjike kwa sauti ukilikunja. Jani linalopinda bila kulia bado lina maji, na likifungwa kwenye kaveera kwa unyevu wa Kampala, litaota ukungu. Funga kwa karatasi ya kaki ndani ya debe lenye kifuniko, andika tarehe, na usilisage mpaka siku ya kulitumia. Weka kando majani matatu mazima, la chini, la katikati na la juu, kwenye bahasha ndani ya debe hilo hilo, ili yeyote atakayelifungua baadaye awe na cha kuloweka kwenye sahani.